Kusoma fedha Marekani: chuo cha sanaa huria au shule ya biashara?

Neno "sanaa" limewapoteza wengi. Mzazi akisikia mwanawe amepata nafasi kwenye chuo cha sanaa huria, picha inayomjia ni uchoraji na ngoma, na swali linalofuata ni lini huyo mtoto atasoma fedha. Ukweli ni kwamba Williams na Amherst kule Massachusetts, Bowdoin kule Maine, Pomona na Claremont McKenna kule California, ni vyuo vidogo vyenye wanafunzi kama 1,400 hadi 2,200, karibu wote wa shahada ya kwanza, na wahitimu wake wengi huishia kwenye mabenki. Huko unasoma fani yako kuu, lakini utapita pia kwenye fizikia, historia au falsafa. Upande wa pili ziko shule za biashara zilizo ndani ya vyuo vikuu: Wharton ya University of Pennsylvania, iliyoanzishwa 1881, Stern ya New York University, Ross ya University of Michigan, Kelley ya Indiana University. Unaingia kusoma biashara na cheti kinasema biashara.

Njia zote mbili zinafika. Zinatofautiana kwa anayelipa, kwa unachokuwa hujui siku ya usaili, na kwa namba moja ndogo ambayo waombaji wengi hawaiangalii kamwe, iliyo kwenye I-20, ile hati ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi.

Hela kwanza

Ada, malazi na chakula kwenye vyuo binafsi vya juu sasa hupita dola 85,000 kwa mwaka, pande zote mbili. Familia ya kawaida ya Morogoro au Kisumu hailipi hiyo, kwa hiyo weka pembeni bei iliyotangazwa, ulinganishe barua za ufadhili.

Hapa vyuo vya sanaa huria vina nguvu. Amherst na Bowdoin hawaangalii uwezo wa familia wanapoamua nani aingie, hata kama mwombaji anatoka nje ya Marekani, kisha hufidia pengo lote kati ya gharama na kile familia inachomudu. Williams huangalia uwezo wa mwombaji wa nje, ila akishapita pengo lote hufidiwa, na tangu 2022 ufadhili wake hauna mkopo ndani. Penn, nyumbani kwa Wharton, nayo hufidia pengo, lakini mwombaji wa Afrika Mashariki anayeomba msaada, ombi hilo lenyewe linapimwa pamoja na alama zake. Vyuo vikuu vya serikali kama Indiana na Michigan ndivyo vigumu zaidi kwa mgeni asiye na hela: msaada ni haba, kabla ya kupewa I-20 unatakiwa kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza, na baadhi ya vyuo vya aina hiyo huwatoza wanafunzi wa biashara ada ya juu kuliko ya wenzao wa vitivo vingine.

Kosa linalojirudia ni kujipunguzia shida. Mwombaji anaandika kwenye CSS Profile, fomu ya kueleza hali ya fedha ya familia, kwamba nyumbani wanaweza kutoa dola 15,000 kwa mwaka, ilhali mapato yote ya familia hayafiki hapo, kwa hofu ya kuonekana mzigo. Chuo kinamwamini, kinamkubali, na barua inakuja ikidai dola 15,000 mara nne. Vyuo vingi haviruhusu mwanafunzi wa kigeni kuanza kuomba msaada baada ya kuingia ikiwa hakuomba mwanzoni. Andika ukweli, hata kama ni sifuri. Na kumbuka kwamba maombi ya mapema yanayofunga yanakufunga kweli: unaruhusiwa chuo kimoja tu, na ukikubaliwa unaondoa maombi mengine yote, isipokuwa msaada waliokupa hautoshi.

Aliyesoma UWC East Africa, Moshi au Arusha, ana mlango wa ziada, kwa sababu mpango wa Davis UWC Scholars hutoa fedha kwa vyuo vinavyopokea wahitimu wa UWC, na vyuo vingi vya sanaa huria vimo kwenye orodha hiyo. Wengine waanzie ofisi za EducationUSA za Dar es Salaam na Nairobi. Ushauri wao ni bure, tofauti na wa mawakala wa mitandaoni.

Darasani

Kwenye vyuo vingi vya sanaa huria hakuna fani inayoitwa fedha. Kuna uchumi. Amherst na Williams mwanafunzi humaliza kozi 32 kwa miaka minne, nne kila muhula. Atakayechukua uchumi atapita kwenye uchumi mdogo na mkubwa, wa utangulizi kisha wa kati, halafu takwimu na ekonometria (kupima uchumi kwa takwimu), na kalkulasi iwe imeshatangulia. Kozi za fedha zenyewe ni mbili au tatu: fedha za makampuni, masoko ya fedha, pengine bei za mali za uwekezaji. Uhasibu mara nyingi ni kozi moja, na kuna vyuo ambako hakuna kabisa.

Shule nyingi za biashara huhesabu saa za masomo, kama 120 hivi, na karibu nusu ni biashara: uhasibu wa fedha na wa menejimenti, masoko, uendeshaji, sheria, kisha fedha zenyewe kuanzia uwekezaji na hatifungani hadi mikataba ya bei za baadaye na uthamini wa makampuni.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwenye swali moja ambalo mabenki ya uwekezaji hayachoki kuliuliza: *uchakavu ukipanda kwa dola 100, taarifa tatu za fedha zinabadilikaje?* Mwanafunzi wa shule ya biashara analijibu kama anakariri namba ya simu yake. Chukua kodi ya asilimia 21, ile ya shirikisho la Marekani. Kwenye taarifa ya mapato, faida kabla ya kodi inashuka dola 100, kodi inashuka 21, faida halisi inashuka 79. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hasi 79, unarudisha zile 100 kwa sababu uchakavu hautoi hela mfukoni, unabaki na chanya 21. Kwenye mizania, fedha taslimu zinapanda 21, thamani ya mitambo inashuka 100, jumla ya mali imeshuka 79. Upande wa pili limbikizo la faida limeshuka 79. Mizani imekaa sawa.

Mwanafunzi wa uchumi aliyepata A kwenye ekonometria hukwama hapohapo, mara nyingi kwenye hatua ya pili. Anasema faida imeshuka kwa hiyo fedha taslimu zimeshuka. Akili anayo, tatizo ni kwamba hakuna aliyemfundisha kuwa kodi inaokolewa. Dakika ishirini za kufundishwa zinatosha kulifuta kosa hilo, lakini kwenye usaili dakika hizo hazipo.

Sasa geuza kibao. Darasa lichambue kuanguka kwa Silicon Valley Bank, iliyofungwa tarehe 10 Machi 2023. Shule ya biashara itakufundisha hesabu: hatifungani zenye muda wa wastani wa miaka 6, riba ikipanda kwa pointi 3, zinapoteza takriban asilimia 18 ya thamani (kidogo pungufu ukihesabu kwamba bei haishuki kwa mstari ulionyooka). Itakuonyesha pia jinsi kanuni za uhasibu zinavyoruhusu hasara hiyo isionekane kwenye faida, kwa kuziita hatifungani hizo za kushikiliwa hadi zikomae. Vizuri sana. Lakini hasara hiyo peke yake haielezi kwa nini wateja walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, tarehe 9 Machi. Hapo unahitaji modeli ya Diamond na Dybvig ya 1983, ile iliyochangia Nobeli ya uchumi ya 2022: mwenye amana hukimbia kwa sababu anaamini wenzake watakimbia, na hofu hiyo inaweza kuiangusha hata benki yenye afya. Ukiongeza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya amana zilikuwa juu ya kiwango cha bima cha dola 250,000, picha inakamilika. Semina ya uchumi kwenye chuo kidogo hukaa na swali hilo wiki nzima.

Na hukaa kweli. Williams ina madarasa ya wanafunzi wawili kwa mwalimu mmoja: wiki hii wewe unaandika makala na mwenzako anaikosoa mbele ya profesa, wiki ijayo mnabadilishana. Huwezi kujificha. Kwenye kozi ya kwanza ya fedha ya chuo kikuu kikubwa unaweza kukaa ukumbini na watu zaidi ya mia, na anayesahihisha kazi yako ni msaidizi. Anayependa kushindana na umati atanoga huko. Aliyezoea kunyamaza darasani atapitwa bila mtu kujua jina lake, na barua ya mapendekezo itakuja kuwa shida.

Kwa Mtanzania, mchepuo wa kidato cha sita una uzito kwenye uamuzi huu. Aliyesoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu) tayari anajua leja, urari na mizania, vitu ambavyo Mmarekani wa chuo cha sanaa huria hajawahi kuviona, kwa hiyo pengo la uhasibu kwake ni dogo. Hesabu ndiyo itakayomsumbua, maana BAM, lile somo la hesabu za msingi, haimfikishi mbali kwenye kalkulasi, na uchumi wa kati kwenye vyuo hivi ni hesabu tupu. Aliyesoma EGM au PCM, michepuo yenye hesabu kamili, ni kinyume chake. Uzito wa njia unategemea ulichobeba kutoka nyumbani.

Kalenda isiyomsubiri mtu

Nafasi za kazi za kiangazi kwenye mabenki makubwa ya uwekezaji, zile zinazozaa ajira ya kudumu, ni za baada ya mwaka wa tatu. Maombi yake hufunguliwa ukiwa bado mwaka wa pili, zaidi ya mwaka mmoja kabla. Piga hesabu: Januari ya mwaka wa pili, mwanafunzi wa uchumi amesoma utangulizi, kalkulasi, labda takwimu. Fedha za makampuni ni mwaka wa tatu. Anaulizwa uthamini wa makampuni kabla hajausoma.

Kwa hiyo ukichagua chuo cha sanaa huria, kiangazi cha mwaka wa kwanza ndicho cha kujifundisha, na kama saa 80 zinatosha kuanzia. Chukua ripoti ya mwaka ya kampuni moja ya kawaida iliyoko sokoni, inayouza vitu vinavyoshikika. Epuka benki na bima, taarifa zake zina umbo jingine. Andika taarifa zake tatu za miaka mitatu kwenye Excel kwa mkono wako, ziunganishe kwa kanuni, kisha bashiri miaka mitano mbele na upunguze mtiririko huo wa fedha hadi thamani ya leo. Mizania itakataa kulingana, hilo usitie shaka. Sababu karibu kila mara ni zilezile: umesahau kurudisha uchakavu, umegeuza alama ya ongezeko la bidhaa ghalani (likipanda, fedha zinashuka), au hukutoa gawio kwenye limbikizo la faida. Excel ikilalamika kwamba kanuni inazunguka, umekokotoa riba kwa wastani wa deni la mwanzo na mwisho wa mwaka wakati deni la mwisho linategemea riba hiyohiyo. Tumia deni la mwanzo na kazi iendelee.

Shule ya biashara inakupa haya bila kuyatafuta, pamoja na maabara ya Bloomberg (kompyuta za taarifa za masoko) na klabu ambamo wa mwaka wa tatu wanawasaili wa mwaka wa kwanza kwa mazoezi. Mabenki huja chuoni. Kwenye vyuo vya sanaa huria inategemea kipi: Williams, Amherst, Middlebury na Claremont McKenna majina yao yanajulikana New York, na wahitimu wao hujibu barua pepe za wadogo zao kwa kiwango kinachoshangaza, kwa kuwa chuo kidogo watu hufahamiana. Chuo kisicho na jina hilo mara nyingi hakitembelewi na benki yoyote, na kijitabu chake hakitakwambia.

Namba iliyo kwenye I-20

Hapa ndipo mwanafunzi wa viza ya F-1 anapaswa kuwa makini kuliko mwenzake Mmarekani. Kila fani ina msimbo wa CIP, namba ya serikali ya Marekani ya kuainisha fani, na umeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa I-20. Ukihitimu unaruhusiwa kufanya kazi ya fani yako miezi 12 kwa kibali cha OPT. Fani ikiwa kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), unaongezewa miezi 24, jumla miaka mitatu.

Fedha ya kawaida, 52.0801, haimo kwenye orodha hiyo. Uchumi wa kawaida, 45.0601, nao haumo. Lakini ekonometria na uchumi wa kiasi, 45.0603, umo, na idara nyingi za uchumi za vyuo vya sanaa huria zimehamia msimbo huo. Hesabu za fedha, 27.0305, na uchanganuzi wa fedha, 30.7104, nazo zimo. Matokeo yake ni kichekesho kidogo: mhitimu wa "sanaa" anaweza kukaa miaka mitatu, na mwenye shahada iliyoandikwa fedha akakaa mmoja. Shule za biashara nazo zimelijua hilo, na baadhi zina mkondo wa pili wa STEM, kwa hiyo usikisie.

Miaka mitatu inabadilisha mambo kwa sababu H-1B, viza ya kazi, hutolewa kwa mchujo wa kila mwaka: nafasi 65,000, na nyingine 20,000 kwa wenye shahada ya uzamili ya Marekani. Mwenye OPT ya mwaka mmoja huingia mchujo mara moja, pengine mbili. Mwenye STEM anaweza kuingia mara tatu au hata zaidi. Kwa ile miezi 24 ya ziada, mwajiri lazima awe amejiandikisha E-Verify (mfumo wa serikali wa kuhakiki kibali cha kazi) na kujaza fomu I-983 ya mpango wa mafunzo, na kampuni ndogo za uwekezaji mara nyingi hazijui hata ni kitu gani. Ombi la OPT lenyewe linapelekwa kuanzia siku 90 kabla ya masomo kwisha, hadi siku 60 baada ya hapo. Na ukianza OPT, siku zako za kukaa bila kazi zisizidi 90.

Kuna mtego mmoja wa vyuo vidogo. Kazi ya kiangazi yenye malipo nje ya chuo inahitaji CPT, kibali cha kufanya kazi ukiwa bado unasoma, ambacho hupatikana baada ya mwaka mzima wa masomo na kwa sharti kwamba kazi hiyo ni sehemu ya mtaala. Shule za biashara zina kozi ya mafunzo kazini tayari. Vyuo vya sanaa huria, kwa msimamo wao kwamba kazi ya benki haistahili alama za chuo, baadhi vilikuwa havina kozi hiyo kabisa, na mwanafunzi analazimika kumega OPT yake mapema. Vingi vimeanzisha kozi ndogo ya kuziba pengo hilo. Uliza kama chako kimo.

Walio katikati

Baadhi ya vyuo vimekaa juu ya uzio, na kwa wasomaji wengi hivi ndivyo vya kuangalia kwanza. Claremont McKenna ina fani ya uchumi na uhasibu kwa pamoja. Washington and Lee, Virginia, ni ya sanaa huria lakini ndani yake kuna Williams School (haihusiani na chuo cha Williams), inayofundisha uhasibu na biashara kwa ithibati ya AACSB, chombo cha kuthibitisha shule za biashara. Wanafunzi wake huendesha sehemu ya mfuko wa uwekezaji wa chuo, hela za kweli. Bucknell na Richmond zina shule za biashara zao. Babson, Massachusetts, ya tangu 1919, imegeuza mambo: ni chuo cha biashara kinacholazimisha sanaa huria.

Kingine ni kuvuka kwenda kusoma kwa jirani. Mwanafunzi wa Wellesley anaweza kuchukua kozi MIT. Amherst, Smith na Mount Holyoke zimo kwenye umoja wa vyuo vitano pamoja na UMass Amherst, yenye shule ya biashara ya Isenberg. Kwenye karatasi pengo la uhasibu limezibwa. Kwa vitendo, viti vya kozi za biashara hupewa kwanza wenye shule, basi la kwenda na kurudi linakula muda, na chuo chako kinaweza kukataa kuihesabu kozi kwenye zile 32.

Ukienda chuo kikuu, angalia kama umekubaliwa shule ya biashara yenyewe au chuo kikuu tu. Anayeambiwa atakuwa "mtarajiwa wa biashara" anaomba tena baadaye, akishindana na mamia kwa alama za kozi za mwanzo. Akikosa anahamia uchumi, kwenye darasa la watu wengi na bila ule ufadhili wa chuo kidogo. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, na wanaoingia humo huwa hawakusoma aya ya tatu ya barua.

Ukirudi nyumbani

Cheti cha sanaa huria kimeandikwa BA, na ofisi nyingi za Dar na Nairobi husoma BA kama kitu kilicho chini ya BCom. Benki kuu na mashirika ya kimataifa hayana shida hiyo, uchumi wanautaka. Kampuni za ukaguzi ndizo ngumu. Bodi za uhasibu kama NBAA ya Tanzania na KASNEB ya Kenya hutazama umesoma kozi zipi kabla ya kukusamehe mitihani, na mwenye kozi moja ya uhasibu asitarajie msamaha mkubwa. Anayelenga CPA, cheti cha mhasibu aliyesajiliwa, iwe ya kwetu au ya Marekani ambako majimbo mengi yamezoea kudai saa 150 za masomo na sehemu yake iwe uhasibu, aende shule ya biashara bila kuzunguka. CFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji, ni tofauti: haijali fani, na unaweza kujisajili kwa daraja la kwanza, maswali 180, ikiwa mtihani uko ndani ya miezi 23 kabla ya kuhitimu. Kwa mwanafunzi wa uchumi huo ndio uthibitisho wa bei nafuu kwamba fedha anaijua. Tunza pia silabasi ya kila kozi tangu siku ya kwanza. TCU (tume ya vyuo vikuu Tanzania) au bodi ikikuuliza miaka sita baadaye, tovuti ya kozi itakuwa imeshafutwa.

Kwa mwombaji asiye na hela, mwenye hesabu nzuri na anayelenga uwekezaji au sera, mizani inaelemea chuo cha sanaa huria, na pengo la uhasibu analiziba mwenyewe. Kwa anayejua anataka ukaguzi, au ambaye bila ratiba ya kusukumwa hafungui Excel, ni shule ya biashara. Aliye katikati aandikie idara barua pepe fupi kabla ya Novemba, maswali manne: msimbo wa CIP wa fani ni upi, kozi ya CPT ipo, uhasibu unafundishwa muhula gani, na mwaka jana ni wahitimu wangapi wa kigeni waliopata kazi ya fedha. Watakaojibu matatu ya kwanza na kuruka la nne, waulizwe tena.